Kitambaa Chekundu Mkononi mwa Afande

Tulimwita Afande, na mpaka siku tunamzika Bwera kulikuwa na watu hapa uwanja wa ndege wa Kasese ambao hawakuwahi kusikia jina lake lingine. Mimi nalijua, ila sitaliandika, maana angenifokea. Alikuwa fundi wa ndege. Kazi alijifunzia jeshini, akaja kuimalizia kwenye kampuni yetu ndogo ya ndege za kukodi, na karibu kila ninachokijua kuhusu ndege nimekipata kwake, pamoja na jambo moja ambalo mpaka leo natamani nisingeambiwa.

Namwandika kwa sababu ya fyuzi. Mwaka aliokufa, ndege yetu mojawapo ilifungwa boksi jipya la majaribio. Boksi hilo lina ramani ya milima yote, linasikiliza ndege nyingine zilizo angani, na likiona mnaelekea kugongana na mlima au na ndege nyingine, kwanza linasema. Rubani asipofanya kitu, na zimebaki sekunde chache, halisemi tena. Linashika usukani lenyewe. Limeunganishwa na vimota vinavyovuta kebo za mabawa na mkia, kwa hiyo linaigeuza ndege au linaipandisha, na hatari ikishapita linamrudishia rubani ndege yake. Marubani hawakulipenda. Rubani wetu, mtu mcheshi ambaye sina ugomvi naye, aliniomba nilizime, na fundi wa zamu nilikuwa mimi. Nililizima kwanza, ndipo nikaenda Bwera kumuuliza Afande kama nimefanya sawa. Mtu mwenye akili angeanza kwa kuuliza.

Mikono yake nitaitaja kabla ya uso. Ilikuwa mikubwa na safi. Fundi gani ana kucha safi? Yeye alikuwa nazo. Aliiosha kwa mafuta ya taa, halafu kwa sabuni ya mche, halafu kwa maji matupu, na hakuna aliyegusa ndege kabla hajatukagua mikono kama watoto wa darasa la kwanza. Mkono wa kushoto, juu kidogo ya saa, alikuwa amefunga kitambaa chekundu, kipande chembamba kilichopauka mpaka kikawa rangi ya matofali. Hakukivua. Alioga nacho, alikula nacho, alikwenda misani nacho.

Watu wa Kasese hawakosi maneno. Wapo waliosema ni dawa, amepewa na mganga ng'ambo ya mpaka. Wapo waliosema ni nadhiri ya vita. Padri mmoja alimwita kando akamwambia Mkristo hafungi vitu vya namna hiyo, akivue. Afande alimsikiliza kwa heshima, mikono nyuma, kisha akarudi kukaa benchi la mwisho kabisa, na tangu Jumapili hiyo hakupanga mstari wa komunyo. Alikwenda kanisani kila wiki, na kila wiki wenzake wakisimama kupokea yeye alibaki amekaa. Mkewe, Mama wa Vitenge, mfanyabiashara aliyekuja na nguo zake kutoka Butembo akaolewa huku, aliniambia kwamba jambo hilo lilimliza kuliko umaskini wote waliopitia.

Mimi aliniita kuruta tangu siku ya kwanza. Nilitoka chuo cha ufundi, msichana wa Muhokya niliyejiona najua, nikamkuta amesimama mbele ya ubao wa spana. Kila spana ilikuwa imechorwa umbo lake kwenye ubao, ili ikikosekana nafasi yake ikutazame. Aliniambia nihesabu. Nikahesabu. Akaniambia nihesabu tena. Nilihesabu mpaka mchana, na niliponuna aliniambia kwamba ndege haijali kama nimenuna. Miaka kumi baadaye, nikiwa mama wa watoto wawili na fundi mwenye cheti, bado nilikuwa kuruta.

Alikuwa mkali mpaka wa kuchukiza, lazima niseme. Siku moja spana moja haikuwepo ubaoni, na ndege ilikuwa tayari inatembea kuelekea kuruka, wageni wako ndani. Afande alikimbia, akasimama mbele yake katikati ya njia, mikono juu, mpaka rubani akazima injini. Wageni wakashushwa, wakakaa juani. Tulifungua vifuniko vyote. Spana ilikuja kupatikana ndani ya mfuko wa chakula wa fundi mwenzetu, aliyeitia humo kwa kupitiwa. Meneja alifoka. Afande alimgeukia yule fundi, na maneno aliyomwambia yalimfanya mtu mzima, mwenye ndevu, alie mbele yetu.

Basi fundi huyo huyo alipofiwa na mtoto, na maziko yakiwa kwao Kyarumba, huko juu ambako kila kitu kinapanda kwa kichwa, Afande ndiye aliyebeba jeneza sehemu yote iliyokuwa mbaya zaidi. Hakukubali kupokewa. Alishuka kesho yake, akaja kazini, akakagua mikono yetu.

Kyarumba alikuwa akipanda mara nyingi. Kila likizo alijaza mfuko chumvi na sabuni, akapanda, akarudi baada ya siku mbili tatu na mfuko ule ule umejaa mabati yaliyokunjamana. Sisi tulimtania kwamba ana mke mdogo huko anayempa sufuria mbovu. Hakucheka, hakukasirika. Mabati aliyapanga nyuma ya karakana, akayaosha, akayatazama moja moja pande zote mbili, halafu akayafukia shimoni. Sisi vijana tulijua yanatoka wapi, kwa juu juu tu. Kabla sijafika mimi, ndege ya kampuni iligonga mlima juu ya Kyarumba, na watu wote waliokuwamo wakafa. Afande alikuwa mmoja wa waliopanda kuwashusha. Taarifa iliyoandikwa ilisema mawingu. Kwa hiyo tulidhani mzee anaokota vipande kwa huruma tu, ili watoto wa watu wasivichezee.

Kulikuwa na sheria yake moja ambayo sote tuliishika, hata waliomchukia. Fyuzi ya ndege ni kitufe cheusi kidogo, kama punje ya haragwe. Ukikivuta nje, umeme unakatika kwenye kifaa chake, ukikisukuma ndani unarudi. Hatari yake ni kusahau. Kwa hiyo Afande alitufundisha kukata vipande viwili kutoka kitambaa kimoja chekundu, kwa mkasi mmoja, kwa wakati mmoja. Kimoja unakifunga kwenye kitufe ulichovuta, cha pili unakifunga mkononi mwako mwenyewe. Huli, huendi nyumbani, husalimii mtu bila kukiona. Na hukifungui mpaka umerudisha kitufe ndani kwa kidole chako wewe, si cha mwenzako. Mafundi wa viwanja vingine walitucheka. Wakituona na vitambaa walituuliza kama tumetahiriwa leo.

Na hapo ndipo ninapojiona mjinga. Nilifundishwa maana ya kitambaa, na nilikiona mkononi mwake miaka yote hiyo, na sikuunganisha. Akiwa na kazi ya fyuzi alifunga kingine kipya juu ya kile kilichopauka, akimaliza anakifungua kipya, cha zamani kinabaki. Nilidhani ni mazoea ya mzee, kama mtu anayevaa saa iliyokufa.

Zamani, kabla ya boksi hili linaloshika usukani, kulikuwa na boksi lililojua kusema tu. Lilikuwa na sauti ya mwanamke wa Kizungu, kavu, na likiona mlima lilisema vuta juu, vuta juu, bila kuchoka. Marubani walilibatiza Mama Mkwe, kwa sababu lilisema saa yote na hukuruhusiwa kulijibu. Shida ni hapa kwetu. Ukitoka kusini kuja Kasese, na mvua imekaa juu ya Ziwa George, huwezi kupita upande wa Kahendero, inabidi ubane kwenye miguu ya milima. Mama Mkwe akiona milima ile hanyamazi, na abiria wanasikia, wanaanza kusali kwa sauti. Basi marubani walikuwa na neno lao. Kabla ya safari wanamwambia fundi, mfunge Mama Mkwe mdomo. Fundi anavuta fyuzi, jioni anairudisha. Lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna aliyeliandika kwenye daftari la ndege.

Afande nilivyomjua mimi hakumfunga Mama Mkwe mdomo kwa ajili ya mtu yeyote. Rubani akimwomba, alikuwa akimtazama tu mpaka rubani aondoke. Mmoja alisema kelele zile zinamchosha. Afande akamwambia kwamba kelele anaweza kuzizoea na mlima hawezi, kisha akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba kusema hakutoshi. Alisema mashine inayoonya tu inamwachia kazi mtu ambaye tayari amekosea. Alitaka mashine ishike usukani, ndege igeuke, rubani apige kelele baadaye akiwa hai.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo hakuamini mashine hata moja nyumbani kwake. Simu ikiwekewa kengele ya kumwamsha, aliamka kabla yake akakaa kuisubiri aone kama italia. Pikipiki hakuipanda mpaka amepiga magoti akaangalia mnyororo. Na ndege hakupanda hata siku moja tangu nimjue. Kampuni iliwahi kumpa nafasi ya bure kwenda Entebbe kutibiwa macho. Alikwenda kwa basi, na siku alipofika daktari alikuwa ameshaondoka.

Wataalamu walipokuja kufunga boksi jipya, Afande alikuwa amestaafu tayari, yuko Bwera. Sijui nani alimwambia. Tulimwona ameshuka kwenye teksi, shati limepigwa pasi, akaja kukaa nyuma kabisa kama kanisani. Wataalamu walieleza yote, setilaiti, ramani, vimota, sekunde. Mwisho wakauliza kama kuna swali. Afande akasimama kijeshi.

"Hii kitu inazimwa wapi?"

Kijana mmoja akajibu kwa fahari kwamba hilo wamelifikiria. Rubani hawezi kulizima akiwa angani, kwa sababu fyuzi yake imewekwa ndani ya mkia, nyuma ya kifuniko chenye skrubu sita. Rubani haifikii.

"Na fundi?"

Fundi anaifikia, alisema kijana, bila shaka, kwa matengenezo.

"Basi bado hamujamaliza," alisema Afande, akakaa.

Walicheka. Walidhani mzee anawasifu mafundi. Mimi pia nilicheka.

Boksi lenyewe lilifanya kazi. Mwezi wa kiangazi, watu wanapochoma nyasi na moshi unafunika bonde lote, lilimnyang'anya rubani wetu usukani akiwa amenyooka vizuri kabisa, likaiinamisha ndege kulia. Alikuwa bado anatukana alipoona tumbo la ndege ya mizigo likipita pale ambapo yeye angekuwa. Ilitoka upande wa Kongo, bila kuongea na mtu kwenye redio. Alitusimulia kama kichekesho, akijigeuza kitini na kupiga yowe. Nilipomsimulia Afande kwa simu hakucheka. Aliuliza tu mikono ya rubani ilikuwa wapi wakati boksi linashika. Nikamwambia rubani alikuwa ameshika simu, anapiga picha ya moshi. Afande akasema asante, akakata.

Lakini mvua ziliporudi, na ziwa likafungika, lile boksi lilianza usumbufu. Ramani yake ilikuwa imekosewa kidogo kwenye kilima kimoja chini ya Kyarumba, ikakiweka karibu kuliko kilivyo. Mara mbili liliinyanyua ndege ghafla penye nafasi ya kutosha. Mara ya pili bibi mmoja mgeni aligonga kichwa, na mwenzake akatapika kwenye kofia yake. Wataalamu waliandika kwamba watatuma ramani iliyosahihishwa, tuvumilie, tusizime. Meneja naye akasema tuvumilie. Rubani ndiye aliyesafisha kiti, na hakutaka kuvumilia.

Ijumaa jioni alinikuta nafunga karakana. Kesho yake alikuwa anapeleka wageni kusini, alale huko, arudi nao Jumapili saa kumi. Aliniambia kwa upole, "Dada, mfunge Mama Mkwe mdomo. Siku mbili tu. Nitapita kwa macho yangu." Nilimwambia hapana. Akaniuliza kama mimi nafikiri haujui mlima aliozaliwa chini yake. Ni kweli, ni mtoto wa Muhokya kama mimi, tulisoma shule moja. Niliona aibu kumkatalia, huo ndio ukweli wote. Niliingia mkiani na bisibisi, nikafungua skrubu sita, nikavuta kitufe. Nilikata kitambaa, nikafunga kimoja pale, kimoja mkononi, nikashusha mkono wa sweta. Kwenye daftari sikuandika kitu.

Jumamosi ndege iliondoka, na mimi sikula. Jumapili asubuhi nilipanda teksi kwenda Bwera.

Nilimkuta Afande kwenye kiti cha nyuzi mlangoni, ametoka misa ya kwanza, mguu wake mmoja umevimba umewekwa juu ya stuli. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ilimzunguka bila kumgusa. Mama wa Vitenge alikuwa akikunja nguo za kupeleka sokoni Mpondwe. Nilipiga goti kusalimia, nikampa mikono miwili, na sweta likapanda. Aliushika mkono wangu hakuuachia.

"Kuruta. Ndege iko wapi?"

Nilimwambia iko kusini, inarudi leo saa kumi.

"Fyuzi iko inje?"

"Iko nje, Afande."

"Umeandika?"

Nilianza kuushusha mkono wa sweta. Aliuachia mkono. Nilisubiri anifokee, nilikuwa nimejiandaa, haki ya Mungu ningefurahi angenifokea. Alimwambia tu mkewe amletee ile kitu.

Mama wa Vitenge hakutaka. Alisimama na kitenge mikononi, akaniambia mimi badala yake, "Kila siku asubui anasukumaka ile kitu. Miye nilishamuambia, baba, imeshakufa, uiache. Hasikiake." Kisha akaingia ndani, akarudi na kipande cha bati kilichofungwa kwenye taulo.

Kilikuwa ubao wa fyuzi wa ndege, umekunjwa kona moja, umeungua. Afande alisema alikitafuta miaka yote ile aliyopanda na chumvi na sabuni. Kilikuwa Kyarumba kwa mama mmoja mkulima wa kahawa, ambaye alikuwa amekifanya mlango wa banda la kuku. Alipomwona alivyokishika, yule mama hakupokea sabuni. Alimwambia wasingya, asante ya huko milimani, akaenda kutafuta kitu kingine cha kufungia kuku wake.

Vitufe vyote vilikuwa ndani isipokuwa kimoja. Kwenye shingo ya kile kimoja kulikuwa na kifundo cheusi, mabaki ya kitambaa kilichoungua. Sikuhitaji kuelezwa, ila alinieleza. Alisema polepole, akitazama barabara.

"Rubani ilikuwa rafiki yangu. Aliniambia, Afande, leo niko na nesi na watu ya kahawa, funga Mama Mkwe mdomo, wasiogope. Mimi nikatoa. Nikafunga kitambaa. Mawingu ilikuwa, ni kweli. Lakini ile mama ingesema. Ingesema mapema."

Nilimuuliza kama aliwaambia wachunguzi.

"Hawakuniuliza. Walisema mawingu. Mimi nikanyamaza."

Nilikasirika. Sitajifanya kwamba nilimhurumia, huruma ilikuja baadaye. Nilimkumbuka fundi mwenzetu analia mbele yetu kwa sababu ya spana iliyokuwa kwenye mfuko wa chakula, na mimi nikihesabu mpaka mchana, na huyu mtu anayetukagua kucha alikuwa na watu wale wote mkononi mwake, ametulia. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno mabaya zaidi. Mama wa Vitenge alifunika mdomo. Afande alikubali kila neno kwa kichwa, akasubiri nimalize.

"Sawa," alisema. "Sasa sukuma."

Aliniwekea ule ubao mapajani. Niliweka kidole gumba juu ya kitufe, nikasukuma. Shina lake lilikuwa limepinda. Nilisukuma mpaka kucha ikaingia kwenye nyama, na hakikuingia. Akanitazama nikijaribu mara ya pili na ya tatu. Mama wa Vitenge alikuwa ameanza tena kukunja nguo.

"Mimi nimejaribu," alisema Afande. "Yako bado inaingia. Piga simu."

Nilimpigia rubani. Alipokea, yuko mezani, nilisikia vijiko. Nilimwambia afungue skrubu sita arudishe fyuzi, au asiondoke, au azunguke mbali na milima hata kama atachelewa. Alidhani nimeugua. Alisema hali ya hewa ni nzuri, nipumzike, leo ni Jumapili. Nikasikia akiwaambia wageni kwa Kiingereza kwamba fundi wake ni mtu wa wasiwasi, wakacheka, na simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupatikana.

Nilianza kufungua kitambaa changu hapo hapo, sijui kwa nini, kwa hasira. Afande alinipiga vidole, kofi dogo kama zamani.

"Hiyo haifunguliwi Bwera," alisema. "Rudi. Ukiweka, nipigie. Nataka kusikia."

Teksi ya kurudi ilijaa polepole kama inanidai roho. Tulipovuka Muhokya nilitazama upande wa ziwa, na mvua ilikuwa imesimama juu ya Kahendero, nyeusi, kutoka majini mpaka juu. Nilijua maana yake. Ndege itabana kwenye milima.

Saa kumi ilifika, ndege haikufika. Niliita kwenye redio, ikakwaruza tu. Saa kumi na robo meneja alikuja kuuliza kwa nini nimesimama kwenye mvua siku yangu ya mapumziko. Nilimwambia yote, pale pale, nikamwonyesha mkono. Alikaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa, akavua kofia. Saa kumi na nusu tulikuwa bado hivyo, yeye kwenye ndoo na mimi nimesimama, na milima ilikuwa imefunikwa mpaka kwenye magoti.

Ndege ilitoka chini ya mawingu, chini kuliko inavyotakiwa, karibu na miti. Ilitua vibaya, ikaruka mara mbili, ikasimama mbali. Wageni walishuka, mmoja ameshikwa mkono na mwenzake. Rubani alibaki ndani. Nilipomfikia alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, injini imezimwa. Aliniambia alikiona kile kilima alipofikia kuona majani ya kahawa. Alisema boksi halikusema. Alisema mara mbili, "Halikusema." Alijua kwa nini, na mimi pia.

Niliingia mkiani. Skrubu moja ilianguka, nikaitafuta mpaka nikaiona, maana ndivyo nilivyofundishwa. Kitambaa kilikuwa kwenye kitufe, chekundu, kipya. Nikampigia Afande, nikaiweka simu karibu na ubao.

"Afande, uko?"

"Niko."

Nilisukuma. Kiliingia kwa mlio mdogo, tik, na taa ya boksi ikawaka. Nilikifungua kitambaa cha kwenye kitufe, nikafungua cha mkononi. Nilidhani amekata. Halafu nikasikia anavyopumua, na nyuma yake mkewe akiuliza kitu kwa sauti ya chini.

Kesho yake niliandika kwenye daftari la ndege nilichofanya, siku gani, kwa ombi la nani, na nikatia sahihi. Rubani haongei nami mpaka leo, na kampuni ilinisimamisha muda mrefu. Afande alikufa kabla sijarudishwa kazini. Mama wa Vitenge alitaka kumfungua kile kitambaa kabla ya kumvisha suti, akaniita nimsaidie. Tulijaribu. Kifundo kilikuwa kimeshikana, na hakuna kati yetu aliyetaka kuleta mkasi. Akazikwa nacho.

Lakini neno lake la mwisho kwangu lilikuwa siku ile, mkiani, simu ikiwa karibu na ubao. Alipumua muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba.

"Kuruta. Rudia."

Nilikivuta kitufe nje, nikakisukuma tena ndani.